Kupimwa macho na kununua miwani Leicester: uzoefu wangu katika maduka mawili

Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya Waswahili wenzangu tunaoishi Uingereza, hasa waliovuka miaka arobaini ambao wameanza kuisogeza simu mbali na uso ili wapate kusoma ujumbe. Nilipimwa macho katika duka la kampuni kubwa ya miwani yenye matawi mengi, lililo katikati ya mji wa Leicester, nikanunua hapo hapo miwani yangu ya kwanza ya progresivu, yaani ile ambayo lenzi moja hutazamia mbali kwa juu na kusomea kwa chini. Baadaye nikanunua jozi ya pili katika duka dogo la familia lililo nje kidogo ya mji. Majina ya maduka sitayataja. Hukumu yangu kwa ufupi ni kwamba vipimo vya duka kubwa vilikuwa bora kuliko nilivyotarajia, na meza yake ya mauzo ilikuwa mbaya kuliko nilivyotarajia. Kupima macho na kuuza miwani ni huduma mbili tofauti zinazofanyika chini ya paa moja, na mteja anayezichukua kama kitu kimoja hulipa zaidi ya anavyopaswa.

Nianze na gharama ya kipimo. Bei iliyobandikwa dukani ilikuwa pauni 30, lakini mimi sikulipa chochote. Hapa England, huduma ya afya ya taifa, NHS, hulipia kipimo cha macho kwa watoto walio chini ya miaka 16, kwa wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, kwa wenye kisukari au glakoma, kwa wanaopokea baadhi ya misaada ya serikali, na pia kwa yeyote aliyefikisha miaka 40 ambaye mzazi, kaka, dada au mtoto wake ana glakoma. Kundi hili la mwisho ndilo wengi wetu hatulijui. Marehemu baba yangu alikuwa na glakoma, ambayo kwetu tulizoea kuiita presha ya macho, na mimi nina miaka 46. Mhudumu wa mapokezi hakuniuliza habari za familia yangu; mimi ndiye niliyemwambia, naye akanipa fomu, nikaijaza na kuitia sahihi, mambo yakaisha. Walio Uskoti hawana haja ya maelezo yote haya, kwa kuwa kule kipimo kinalipiwa na NHS kwa wakazi wote tangu mwaka 2006. Na kwa anayefanya kazi mbele ya kompyuta kama mimi, ambaye ni karani wa ghala, zipo kanuni za mwaka 1992 zinazomtaka mwajiri alipie kipimo cha macho mfanyakazi anapokiomba. Miwani yenyewe mwajiri huilipia pale tu inapohitajika mahususi kwa ajili ya kutazama skrini, kwa hiyo mtu asiende kwa meneja wake akidhani atanunuliwa fremu ya kifahari.

Hiyo glakoma ndiyo sababu kuu ya mimi kwenda, na ningependa kuikalia kidogo. Aina yake iliyo ya kawaida zaidi haiumi wala haitoi dalili mwanzoni. Inakula uwezo wa kuona kutoka pembeni polepole, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Watu wenye asili ya Afrika huipata zaidi na mapema zaidi kuliko Wazungu, na hatari huongezeka ikiwa imo katika familia. Kwa hiyo mtu anayesema “mimi naona vizuri, kipimo cha nini” anatumia kigezo kisichoweza kumwambia lolote kuhusu ugonjwa huu.

Msaidizi alianza kwa kuniketisha mbele ya mashine ambayo ndani yake unaona puto kubwa lililo mwisho wa barabara, picha inafifia na kurudi, na kwa muda huo mashine inakadiria namba ya miwani. Ikafuata ile inayopuliza hewa kwenye jicho ili kupima presha. Haiumi, ingawa kila mtu hushtuka, hata aliyeonywa. Kisha nikafunikwa jicho moja na kupewa kitufe cha kubonyeza kila ninapoona nukta ya mwanga, na hapa nasisitiza kwamba usibonyeze kwa kubahatisha ili uonekane hodari, kwa kuwa mashine hukagua pia kama unabonyeza pasipo na mwanga wowote. Presha yangu ilikuwa 17 jicho la kulia na 18 la kushoto, na kiwango cha kawaida huhesabiwa kati ya 10 na 21. Mpimaji alinieleza bila haraka kwamba namba peke yake haitoshi, maana wapo wenye glakoma ambao presha yao ni ya kawaida, ndiyo maana alitazama pia mshipa wa fahamu ulio nyuma ya jicho na kulinganisha majibu yote pamoja. Nilishauriwa kuongeza picha ya tabaka za ndani za jicho kwa pauni 10, ambayo NHS haiilipii. Kwa historia ya familia yangu nililipa, na picha ile imebaki kwenye kumbukumbu zao ili ya mwakani ilinganishwe nayo. Hiyo ndiyo nyongeza pekee katika duka lile ambayo ningeilipia tena bila kujiuliza.

Ndani ya chumba cha kupimia, mpimaji alikuwa kijana mtulivu ambaye alijitambulisha kwa jina na kuniuliza kazi yangu, kama ninaendesha gari, na ninakaa umbali gani kutoka kwenye skrini. Maswali haya ni ya maana. Sheria inamtaka dereva aweze kusoma namba ya gari kwa umbali wa mita 20, ilhali mtu wa kompyuta anahitaji kuona vizuri kwa umbali wa mkono mmoja tu. Halafu likaja lile zoezi la “hiki cha kwanza au hiki cha pili”, lenzi zikibadilishwa haraka haraka, pamoja na duara nyeusi juu ya rangi nyekundu na kijani. Niliwahi kumsindikiza jirani yangu, bi mkubwa wa Mombasa mwenye miaka sabini na kitu, nikiwa mkalimani wake, naye katikati ya zoezi hili akanigeukia: “Mwanangu, hebu mwulize, vyote viwili vikiwa sawa nijibu nini? Naona haya kumwambia hapana.” Nilimwuliza, na mpimaji akafurahi kabisa, akasema jibu la “sawa” ndilo analolitafuta mwishoni, kwa kuwa linamwonyesha kwamba amefika. Wengi wetu tumelelewa kutomkatalia mtaalamu, hivyo tunachagua kimoja ili tumridhishe, na mwisho tunaondoka na namba isiyokuwa yetu. Kwa bi mkubwa huyo, ambaye herufi anazozisoma kwa wepesi ni za Kiarabu, walileta ubao wenye alama ya E iliyogeuzwa pande mbalimbali, akawa anaonyesha kwa vidole inaelekea wapi. Anayempeleka mzazi asiyesoma herufi za Kilatini auombe ubao huo mapema, wakati wa kuweka miadi.

Nilipotoka nilikabidhiwa karatasi ya namba zangu: kulia hasi 1.75, kushoto hasi 2.00 pamoja na hasi 0.50 ya mkunjo wa jicho, yaani jicho lisilo na mviringo sawasawa, na nyongeza ya 1.50 ya kusomea. Karatasi hii ni haki ya kisheria ya mteja. Mpimaji analazimika kuitoa mara tu baada ya kipimo, awe amelipwa na wewe au na NHS, na huna wajibu wowote wa kununua miwani kwake. Kitu kimoja hakimo: umbali kati ya mboni mbili. Sheria hailazimishi upimwe wakati wa kipimo cha macho, na maduka mengi hayautoi kwa moyo mweupe, kwa sababu ndio anaouhitaji mtu anayetaka kuagiza miwani kwa intaneti.

Sasa meza ya mauzo. Kutoka chumba cha kupimia nilipokelewa na mhudumu mwingine kabla sijapata nafasi ya kufikiri, nikaongozwa moja kwa moja kwenye kuta za fremu. Nilichagua fremu yenye kibandiko cha pauni 69, na kibandiko hicho kikaanza kuzaa. Lenzi za progresivu za daraja la kati ziliongeza pauni 100, wembamba wa lenzi 60, utando wa kuzuia mng’ao 50, na utando wa kuzuia mwanga wa buluu wa skrini 40. Jumla ikawa pauni 319, na kila nyongeza ilitajwa kama sehemu ya kawaida ya miwani, bila kuulizwa kama ninaitaka. Nikaanza kuuliza moja baada ya nyingine. Wembamba una maana kwa mwenye namba kubwa, ambaye lenzi zake zinakuwa nene pembeni. Kwa namba isiyozidi hasi 2.00 tofauti haionekani kwa urahisi. Utando wa kuzuia mng’ao una faida ya kweli, hasa kwa anayeendesha gari usiku. Mwanga wa buluu ndio ulionikera. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2023 na Cochrane, shirika linalokusanya na kuzipima tafiti za afya, yalikuta kwamba lenzi hizo huenda hazipunguzi uchovu wa macho utokanao na kompyuta, na mwaka 2017 baraza linalowasajili wataalamu wa macho hapa, General Optical Council, lilikwisha kuitoza kampuni moja kubwa ya miwani faini ya pauni 40,000 kwa matangazo ya kupotosha kuhusu lenzi za aina hiyo. Hata hivyo mhudumu aliniambia, kwa uso mkavu, kwamba kwa kazi yangu ni “muhimu sana”. Niliondoa wembamba na buluu, nikalipa pauni 219.

Miwani ilipokuja, nilitembea nayo kama mtu aliye kwenye mtumbwi. Nilijua kwamba progresivu huhitaji kuzoewa, kwamba pembeni huwa na ukungu na ngazi za kushuka hutaka tahadhari, na nikaipa wiki mbili. Lakini kusoma kompyuta kulinilazimu kuinua kidevu hadi shingo ikauma, na hilo halikuwa suala la mazoea. Nilirudi, na mtaalamu wa kurekebisha miwani akagundua kwamba alama za kimo cha mboni, yaani zile zinazoonyesha mboni inakaa wapi kwenye lenzi, ziliwekwa milimita kadhaa chini ya zilipostahili. Aliyeniuzia alikuwa amezichora kwa kalamu bila macho yake kuwa kimo kimoja na yangu. Walitengeneza lenzi upya bila malipo, na kwa hili nawapa sifa, ijapokuwa meneja alitangulia kunisihi “nivumilie kidogo tena”. Lenzi zilizotengenezwa kwa ajili yako peke yako bado zinalindwa na Sheria ya Haki za Watumiaji ya 2015: ni lazima zifae kwa kazi zilizonunuliwa kufanya. Na duka likikataa kusikiliza, ipo huduma ya usuluhishi isiyolipiwa, Optical Consumer Complaints Service, ambayo hushughulikia migogoro ya namna hii.

Jozi ya pili niliinunua katika duka dogo kwa sababu ya pua. Fremu nyingi za plastiki zinazouzwa madukani hapa zimechongwa kwa pua nyembamba na ndefu. Zikikaa kwenye pua pana iliyo bapa juu, zinateleza, zinalala mashavuni, na kope zinafuta lenzi kila unapopepesa. Duka kubwa lilinikazia tu mikono ya fremu nyuma ya masikio, na matokeo yake yakawa maumivu ya kichwa. Mwenye duka dogo, mama wa Kigujarati aliyeniambia kwamba wazazi wake walitokea Kampala, aliitazama pua yangu kabla ya kuniuliza bajeti, akaniondolea nusu ya fremu nilizokuwa nimeziokota, akaniletea za chuma zenye vipande vidogo vya kukalia puani vinavyoweza kupindwa. Alikaa mbele yangu, macho yake yakiwa kimo kimoja na yangu, ndipo akachora alama zake. Bei ilikuwa pauni 260, ghali kuliko kule, na hakunipa punguzo lolote hata nilipojaribu kubembeleza kwa kutaja Uganda. Nimevaa miwani ile tangu hapo. Ikilegea huingia dukani mwake, naye huiweka sawa nikiwa nimesimama, bila kunitoza.

Duka dogo nalo lina kasoro zake: hufunga mapema, Jumapili halifunguki, na mashine ya picha za tabaka za jicho halina. Kwa hiyo nitaendelea kupimwa kwenye duka kubwa, ambako picha zangu za zamani zimehifadhiwa, kisha niichukue karatasi yangu na kuipeleka kwa mama yule. Bi mkubwa wa Mombasa amekwisha kufanya hivyo hivyo. Alikutwa na mtoto wa jicho anayeanza, namba yake ikawa haijabadilika sana, na mhudumu wa duka kubwa alipomwonyesha fremu mpya alimjibu kwa Kiswahili kwamba ya zamani haijavunjika. Mimi nilitafsiri neno kwa neno.