Usiku wa hofu na usiku wa tawakali

Pale Kibirizi, Kigoma, mitumbwi ya dagaa hutoka jioni na kurudi alfajiri. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia takriban mita 1,470, na anayebaki nyumbani ana namna mbili za kuukabili usiku.

Ya kwanza ni hofu. Naijua, nimeishi nayo miaka. Upepo ukivuma tu unakaa kitako kitandani, unahesabu taa za wavuvi kule majini, unapiga simu isiyopatikana. Asubuhi mume karudi salama; wewe ndiye uliyezama. Hofu hujifanya mlinzi, lakini haijawahi kutuliza wimbi hata moja.

Ya pili ni tawakali. Wapo wanaoidhania uzembe, na hapo wanakosea sana. Mwenye tawakali hukagua jaketi la kujiokolea, hutazama mawingu, na akiona dalili mbaya humwambia mwenzake, "Baba Asha, leo msitoke." Akishafanya lake, lililobaki humwachia Mungu, akalala.

Hofu inakumbusha kujiandaa tu, basi; haina zaidi. Mimi nimechagua tawakali, na bado najifunza: jana upepo ulipoanza saa nane usiku niliamka, nikaomba, nikajifunika tena.