Manifoldi yenye kutu: kazi niliyofanyiwa Katwe

Toyota Premio yangu ya 1998 ina injini ya 7A-FE, ambayo manifoldi yake ya ekzosi, yaani bomba la chuma linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda, iko mbele, upande wa rejeta. Ukifungua boneti tu, macho yanagonga hapo. Bati la kukinga joto lilishapotea kwa fundi fulani, sijui yupi, kwa hiyo chuma chekundu kilibaki uchi. Nilikuwa nimeosha injini nzima ikang'aa, lakini kutu ile iliifanya ionekane kama imeopolewa ziwani.

Mara ya kwanza nilidanganyika. Gereji moja jirani na kwangu walipaka rangi ya silva juu kwa juu, bila hata kufungua bolti, wakachukua shilingi 80,000 za Uganda. Haikumaliza wiki mbili ikababuka kama ngozi ya kenge. Manifoldi hupata joto la nyuzi mia kadhaa. Rangi ya geti itavumilia nini pale?

Safari hii nikaenda Katwe, mtaa wa mafundi mjini Kampala. Fundi aliinama, akatazama, akasema, "Ssebo (bwana), hii lazima itoke." Hapo ndipo nikajua nimefika. Bolti zilimwagiwa mafuta ya kulegeza kutu siku mbili mfululizo, na bado moja ilikatikia ndani. Kuitoboa na kuitoa kukala nusu siku nzima na shilingi 30,000 za ziada. Ukipeleka ya kwako, ujipange kwa hilo.

Baada ya hapo ikapigwa mchanga kwa kompresa mpaka ikawa kijivu kikavu, hata vishimo vya ndani vikaonekana. Akaifuta kwa tina (kiyeyusha rangi), akanikataza kuigusa kwa mkono mtupu, maana mafuta ya vidole huizuia rangi kushika. Rangi ilikuwa ya kopo, ile inayostahimili nyuzi 650, mikono mitatu myepesi. Sehemu zinazokutana na injini alizibandika tepu: rangi ikiungua pale, gasketi, ile pedi ya kuziba kati ya manifoldi na injini, inavuja. Gasketi mpya nilinunua Kisekka, soko la vipuri Kampala, 40,000. Ukijumlisha kopo na ufundi, nilitumia kama 275,000.

Tulichobishania ni kuikausha. Yeye alitaka niwashe gari nielekee Entebbe moja kwa moja, "itajipika njiani." Nilikataa. Rangi hii hukomaa kwa joto la hatua kwa hatua, kwa hiyo niliiacha ilale usiku kucha, asubuhi nikawasha dakika kumi, nikaacha ipoe kabisa, nikawasha ishirini, ikapoa tena, ndipo nikaingia barabarani. Ilitoa moshi na harufu kali. Mke wangu alifunga madirisha yote.

Sasa ni miezi minane. Nguvu ya gari ni ile ile, asikudanganye mtu. Lakini ile sauti ya tiki-tiki asubuhi imekwisha, na hiyo nadhani ni kazi ya gasketi kuliko rangi. Rangi hiyo nyeusi imeshika vizuri isipokuwa karibu na silinda ya tatu, ambapo kidoa cha kutu kimerudi. Kosa langu: vijana wa kuoshea magari waliirushia maji ya presha ikiwa bado moto, nami nimesimama pembeni nanunua rolex, chapati ya mayai. Siku hizi nawaambia boneti haifunguliwi.