Makumbusho ya Kalenga: Kutazamana na Mtwa Mkwawa

Makumbusho ya Kalenga, yaliyo umbali wa kilomita 15 hivi kutoka Iringa mjini, nayapendekeza kwa dhati, hasa kwa yeyote anayetamani uongozi. Silaha za enzi zile zinastahili kutazamwa, lakini kinachomkamata mgeni ni fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, ndani ya kasha la kioo. Sisi tuliolelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, hapo tunajikuta tumemkazia macho mtawala ambaye enzi zake wengi wasingethubutu kumtazama hivyo. Wajerumani, ambao kikosi chao alikishinda Lugalo mwaka 1891, walilichukua fuvu hilo baada ya kifo chake mwaka 1898, na naamini walielewa kwamba kiongozi aliyegeuzwa kitu cha kutazamwa, asiyeweza kurudisha jicho, amenyang'anywa heshima yake ya mwisho. Liliporejeshwa mwaka 1954, kwa maoni yangu Wahehe walirejeshewa pia haki ya kuamua atazamwe na nani, na kwa adabu gani. Nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Nendeni bila haraka, na mbele ya kasha lile vueni kofia.