Buildroot ndani ya saa ya msikiti: tathmini ya fundi wa Sinza

Mzee wa kamati ya msikiti alinipigia kwa mara ya nne ndani ya miezi mitatu, na safari hii hakuzunguka. "Fundi, saa yako imekufa tena. Ijumaa watu wamekodolea skrini nyeusi mpaka khutba imekwisha." Nikapanda bajaji hadi Magomeni, kadi nyingine ya memori mfukoni. Ugonjwa niliujua kabla sijafika. Skrini ile ya nyakati za swala inaendeshwa na Raspberry Pi Zero W, kikompyuta kinachoenea kiganjani, nami nilikiwekea Raspberry Pi OS kama kila mtu anavyofanya. Umeme ukikatika wakati mfumo unaandika kitu kwenye kadi, kadi inaharibika. Na umeme wa mtaani kwetu haupigi hodi wala hauagi.

Usiku ule nilirudi dukani Sinza nikaanza na Buildroot. Sasa naingia mwaka wa pili nikiitumia, kwa hiyo ninayoyaandika hapa si ya mtu aliyeijaribu wikiendi moja.

Kwa asiyeijua: Buildroot si mfumo wa kupakua ukauchoma kwenye kadi ukamaliza. Ni mtambo wa kujengea mfumo wako mwenyewe. Unafungua menyu, unachagua chipu, kerneli (kiini cha mfumo), maktaba ya C (msingi ambao programu nyingi huutegemea) na programu unazozitaka. Yenyewe inakwenda kuchota msimbo chanzo wa kila kimoja huko kilipo, inakompaili vyote, yaani inaugeuza msimbo kuwa programu zinazoendeshika, ikianza na kompaila yenyewe, na mwishoni inakuachia faili moja, sdcard.img. Ilianzishwa mwaka 2001 na watu wa uClibc, mojawapo ya maktaba hizo za C, waliotaka mahali pa kuijaribia maktaba yao, na mwaka 2009 Peter Korsgaard akawa msimamizi wake. Toleo jipya hutoka kila miezi mitatu: Februari, Mei, Agosti na Novemba. Mimi nang'ang'ania la Februari, maana ndilo linaloendelea kupewa marekebisho muda mrefu.

Kuanza ni amri tatu tu: make raspberrypi0w_defconfig, kisha make menuconfig, kisha make. Halafu unakwenda kula. Kwenye laptopu yangu ya mtumba, Core i5 yenye RAM ya gigabaiti 8, ujenzi wa kwanza ulichukua karibu saa moja na nusu, feni ikilia kama mashine ya kusaga. Katikati umeme ulikatika na betri ya laptopu hii ni pambo tu. Nikajua nimeumia. Uliporudi nikaandika make tena, ikaendelea kutoka pale ilipoishia: kila programu ikimaliza hatua inaacha kifaili kidogo cha alama kwenye folda yake, kwa hiyo yaliyokwisha hayarudiwi. Kwa mji huu, sifa hiyo peke yake inatosha kuipa nyota.

Lakini kilichonifanya nihamie ni kitu kimoja kidogo. Ndani ya menyu ya System configuration kuna kisanduku kinachosema mfumo wa faili ufunguliwe kwa kuandikwa wakati wa kuwaka. Kinakuja kikiwa na alama. Nikaitoa. Basi. Kuanzia hapo kadi inasomwa tu, haiandikwi, na vile vya muda kama kumbukumbu za mfumo vinakaa kwenye RAM na kufutika umeme ukienda. Hamna cha kuharibika. Siku ya kukabidhi nilimwambia mzee achomoe waya ukutani mwenyewe. Akachomoa. Akachomeka. Akachomoa tena, mara saba nzima, huku anacheka kama mtoto aliyepewa swichi ya taa. Kila mara skrini ilirudi ndani ya sekunde kumi hivi.

La pili ninalolipenda ni kwamba ndani hamna mgeni. Amri za kawaida, ls, cp, vi, hata ile inayouwasha mfumo, zote ni programu moja, BusyBox. Juu yake kuna programu yangu ya C inayochora nyakati kwenye skrini na fonti mbili. Hata hivyo mfumo ulikuwa mkubwa kuliko nilivyotegemea. Nikaendesha make graph-size, nikapata chati ya duara inayoonyesha nani amekula nafasi, na mlafi mkuu alikuwa moduli za kerneli. Nikaingia make linux-menuconfig nikaanza kufyeka. Kulikuwa na madereva (programu za kuendeshea vifaa) ya ving'amuzi vya USB chungu nzima. Saa ya msikiti na king'amuzi wapi na wapi? Usifyeke usiku ukiwa na usingizi lakini. Mimi niliondoa pia I2C, njia ambayo vichipu huzungumza na kompyuta, nikiwa na usingizi, na hapo saa ilipoteza betri yake. Nieleze: Pi Zero haina saa ya ndani inayokumbuka wakati ikizimwa, kwa hiyo nimeifungia kichipu cha DS3231 chenye betri ya kidonge, nilichokinunua Kariakoo, na kinazungumza kupitia I2C.

Sasa aibu yangu. Siku ya kwanza ya kuifunga ilikuwa adhuhuri, saa sita na nusu. Skrini ikawaka, nzuri, herufi zimekaa, na ikaandika 09:30. Muadhini akaiangalia, akaniangalia mimi.

"Mwanangu, hii saa ya wapi?"

"Shekhe, nipe dakika tano."

"Chukua hata kumi. Ila sisi tunaadhini."

Buildroot haiweki habari za kanda za saa mpaka uziombe. Kuna sehemu ya kuwasha na mstari wa kujaza Africa/Dar_es_Salaam. Usipoigusa, mfumo unaishi kwa UTC, yaani wakati wa kimataifa, saa tatu nyuma yetu. Dukani sikuona kwa sababu nilikuwa naiwasha programu kwa mkono, na mbele yake naandika TZ=EAT-3. (Ndiyo, ni alama ya kutoa ingawa sisi tuko mbele, ndivyo kanuni ya zamani ilivyo, usibishane nayo.) Kule msikitini ikawashwa na skripti yangu ya S99saa, inayojiendesha mfumo ukiwaka, ambayo haikuwa na mstari huo. Kosa ni langu, lakini ningeshukuru menyu ingenikumbusha.

Yako mengine yanayochosha. Ukiondoa programu kwenye menyu, haiondoki kwenye mfumo uliokwisha kujengwa. Niliwahi kuweka Python, nikaghairi, nikajenga tena, faili likabaki na uzito uleule. Nikahangaika jioni nzima. Dawa ni make clean na kujenga upya tangu mwanzo, kompaila na yote, saa moja na nusu nyingine. Mwongozo unalisema wazi, kwamba hawajisumbui kufuatilia nani anamtegemea nani pale mipangilio inapobadilika, kwa sababu wanataka mtambo wenyewe ubaki mwepesi kueleweka. Naielewa hoja. Mfuko na muda wangu vinaielewa nusu.

Halafu kuna distclean. Nilidhani ni clean yenye nguvu zaidi kidogo. Kumbe inaondoa na faili la mipangilio na folda ya dl, yaani msimbo chanzo wote uliopakuliwa. Yangu ilikuwa na megabaiti 600 na ushee, zilizopakuliwa kwa bando la simu usiku wa manane. Nilikaa kimya mbele ya laptopu kama mtu aliyefiwa. Siku hizi BR2_DL_DIR, mpangilio unaosema msimbo upakuliwe wapi, inaelekea kwenye diski ya nje, na siku nikipata intaneti ya bure naendesha make source, inapakua kila kitu bila kujenga, nakuja kujenga nyumbani hata kama bando limekata.

Kijana anayejifunza kwangu alitaka kuijaribu kwenye Windows kwa kupitia WSL, Linux inayoendeshwa ndani ya Windows. Ikamgomea papo hapo kwamba PATH yake, orodha ya folda ambamo amri hutafutwa, ina nafasi katikati ya maneno, kwa sababu ya zile folda za Program Files. Inarekebishika kwa mstari mmoja, ila kwa anayeanza inakatisha tamaa.

Mtego mwingine ni folda ya output/target. Inafanana na mfumo wako kila kitu, etc, usr, bin, na mkono unakuwasha uingie urekebishe kitu humo moja kwa moja. Waliojenga wanatujua. Wameweka humo faili lenye jina la herufi kubwa tupu, THIS_IS_NOT_YOUR_ROOT_FILESYSTEM, kukuambia kwamba mfumo wako siyo huu. Mimi nililiona, nikalipita, nikahariri, wiki iliyofuata make clean ikafagia kila kitu. Njia ya sawa ni kuweka folda yako pembeni na kuielekeza kwenye menyu kama rootfs overlay. Kila kilichomo kinawekwa juu ya mfumo mwishoni mwa ujenzi. Yangu ina mafaili manne tu, na ndiyo ninayoitunza kuliko kitu kingine chochote dukani.

Na usisahau nywila. Ukijenga bila kugusa kitu, mtumiaji root anaingia bila nywila, na mashine inajitambulisha kwa jina la buildroot. Kwa saa isiyounganishwa mtandaoni si kitu. Kwa kifaa chenye Wi-Fi, weka nywila kabla hakijatoka mlangoni.

Kuna watakaoniuliza kwa nini nisitumie Yocto, mtambo mwingine wa kujengea mfumo. Niliigusa. Ilijaza diski yangu kabla sijaona hata faili la kwanza la mfumo. Kwa kampuni yenye bodi aina kumi na wahandisi ishirini, naamini inalipa. Kwangu mimi na saa moja ya msikiti, ni kukodi fuso kubebea ndoo ya maji. Na Raspberry Pi OS bado naitumia pale mteja anapotaka kuongeza programu mwenyewe, kwa sababu Buildroot haina apt wala chochote cha kusakinishia: kubadilisha kitu ni kujenga faili jipya la mfumo na kulichoma upya kwenye kadi. Mzee wa kamati hasakinishi chochote, kwa hiyo hilo halimhusu.

Nampa Buildroot nyota nne kati ya tano. Saa ya Magomeni haijaniita tangu masika iliyopita. Aliyenipigia juzi ni msikiti wa Temeke, wanataka kama ile, ila yenye tarehe ya Hijria pia; faili la mipangilio lipo, nimeshalitunza kwa make savedefconfig, na msimbo chanzo wote uko kwenye ile diski ya nje. Kilichobaki ni kununua DS3231 nyingine.