Ngome ya Wigmore: vaeni viatu vya tope

Mwezi wa Mei nilikwenda na dada yangu kutembelea magofu ya Ngome ya Wigmore, Herefordshire, upande wa Uingereza unaopakana na Wales. Tuliacha gari kijijini, tukapita kanisani, tukashika njia ya miguu katikati ya malisho ya kondoo. Hakuna kiingilio wala mtu wa tiketi. Saa mbili nzima tulikutana na mzee mmoja tu na mbwa wake.

Kilichonishika ni lango. Unaona tao la mawe limechomoza, nusu yake imo udongoni, ukadhani ni mlango wa ghala. Kumbe ndilo lango kuu lenyewe! Kifusi kimejaa ndani mpaka usawa wa ghorofa ya kwanza, kwa hiyo ukitembea kwenye majani yale, vyumba viko chini ya miguu yako. Dada alivua kofia, tukasimama kimya.

Haya yalikuwa makao ya ukoo wa Mortimer. Roger Mortimer na Malkia Isabella walimng'oa mume wa malkia huyo, Mfalme Edward II, mwaka 1327, na kwa karibu miaka 3 bwana huyu wa Wigmore ndiye aliyekuwa na kauli nchini, mpaka aliponyongwa mwaka 1330. Mwaka 1643, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, ngome ilibomolewa na wamiliki wake, waliokuwa upande wa Bunge, isije ikawafaa watu wa mfalme.

English Heritage, shirika la kutunza majengo ya kale ya Uingereza, walioichukua ngome mwaka 1995, waliimarisha kuta bila kufyeka. Majani yaliachwa juu ya kuta kwa makusudi, yanazikinga na mvua na barafu. Mimi niliyekulia Kilifi, nikaona mizizi ilivyokumbatia kuta za Gede, naunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Ngome iliyosafishwa ikang'aa hainigusi hivi.

Ngazi za kupandia juu ni kali, na mvua ikinyesha zinateleza; watoto washikwe mkono. Choo hakuna, duka hakuna. Mwenye magoti mabovu abaki langoni, pale pekee panatosha kuifanya safari iwe na maana. Sisi tulibeba chapati na chai ya chupa, tukala juu kabisa tukitazama mashamba. Nitarudi Novemba, miti ikishapukutisha majani, nizione kuta zilizojificha.