Unapokea wageni kumi na pesa si nyingi: ununue pombe ipi?

Jumamosi moja tulifunika chupa tano za waini kwa magazeti, tukamimina kwenye bilauri za maji za kawaida, kisha tukaonja bila kujua ipi ni ipi. Tulikuwa watu sita. Shemeji yangu, ambaye kwa miaka yote hanywi waini isipokuwa ya Afrika Kusini, aliirudia bilauri moja mara tatu akiapa kwamba hiyo ndiyo yake. Tulipovua gazeti, ikatoka Dodoma. Hadi leo hajanisamehe.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza naipa Dodoma Wine nyekundu, ile kavu, isiyo na sukari, na siipi kwa uzalendo. Dodoma ni kukavu na kuna jua jingi, mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na waini yake hutoka na mwili mzito na ukakasi unaobaki kwenye fizi. Ukakasi huo ukiunywa mkavu, bila kitu mdomoni, utasema umedanganywa. Weka mshikaki wenye mafuta au kipande cha kitimoto, unywe tena: mafuta yanaukata ukakasi, na matunda ndiyo yanaanza kusikika. Mwenye biriani au samaki wa kupaka wenye pilipili achukue ile tamu, kwa sababu pilipili na waini kavu hugombana.

Kosa letu kubwa watu wa Dar ni kuinywa nyekundu ikiwa moto. Wanaosema nyekundu hainywewi baridi wanazungumzia vyumba vya Ulaya vyenye nyuzi 18, si sebule ya Tabata yenye nyuzi 31. Itie kwenye friji nusu saa kabla ya wageni kufika. Ikinywewa moto, unachosikia ni spiriti tu. Usinunue chupa iliyopangwa dirishani kwa ajili ya urembo, maana jua limeshaipika. Wala usiiweke kabatini ukingoja izeeke vizuri. Waini ya bei hii imetengenezwa inywewe sasa. Ikifunguliwa, ikae kwenye friji na iishe ndani ya siku tatu. Ukiwa na wageni wengi, waini ya boksi si aibu hata kidogo: mfuko wa ndani hujikunja kadiri unavyomimina, hewa haiingii, na inakaa wiki kadhaa.

Ya pili ni bia, na hapa nachagua Kilimanjaro. Najua nitazomewa na wanywaji wa Safari. Safari ina kileo asilimia 5.5, Kilimanjaro 4.5, na kwenye shughuli inayoanza saa saba mchana pengo hilo dogo ndilo linaloamua kama mjomba atakula keki au atalala kwenye kochi. Mchana, Kilimanjaro. Jua likizama na jiko la nyama choma likiwa limekolea, leta Safari. Uchungu wake unaihimili nyama yenye chumvi. Serengeti naiweka katikati yao, ni ya kimea kitupu na ina utamu kidogo wa nafaka. Kwa ajili ya mgeni mmoja anayependa nyeusi, weka chupa mbili za Castle Milk Stout na usiulize maswali.

Kabla ya kununua kreti, angalia limekaa wapi. Bia iliyopigwa jua nje ya duka huanza kunuka, na chupa ya kijani ndiyo inayoumia zaidi kwa sababu haizuii mwanga kama ya kahawia. Wageni wako waulize kama mhudumu wa glosari anavyouliza, "baridi au moto?", maana wazee wengi bado wanataka ya moto na wako sahihi kwa koo lao.

Ya tatu ni wiski, na hapa piga hesabu. Safari ya mililita 500 ina mililita 27.5 za kileo. Mzinga wa wiski wa mililita 750, asilimia 40, una 300. Yaani mzinga mmoja ni kama bia kumi na moja, kwa hiyo gawanya bei yake kwa kumi na moja kabla hujasema ni ghali. Tafuta maneno "Scotch Whisky" kwenye lebo: kwa sheria ya Uingereza, yenye jina hilo lazima iwe imekaa kwenye pipa la mwaloni huko Scotland kwa miaka isiyopungua 3. Black & White ni laini, inafaa soda na barafu. Red Label ina moshi na pilipili kidogo, haipotei hata ukiitia koka. Black Label ya miaka 12 ni nzuri kweli, ila ukishaichanganya na koka umetupa pesa ya miaka yote hiyo.

Konyagi naipa nafasi ya nne, na si kwa dharau. Asilimia 35, harufu inayokaribiana na jini; kwa toniki, barafu na ndimu nusu inapendeza kuliko jini nyingi za bei mbaya. Tatizo ni kwamba mgeni akiliona bapa mezani huanza kuinywa kavu kwa mashindano.

Pombe kali zina ugonjwa wa chupa feki. Niliwahi kununua mzinga kwa bei ya chini ajabu kwenye duka moja. Kizibo kilizunguka na pete yake bila kukatika, na kilichotoka ndani kilinuka kama dawa ya kutolea rangi ya kucha. Nilikimwaga. Sasa nakagua stempu ya kodi ya TRA kwa programu ya Hakiki Stempu nikiwa bado dukani, muuzaji akininunia.

Kwa wageni kumi mimi huchukua Dodoma tatu, kreti moja la bia mchanganyiko na mzinga mmoja, pamoja na soda na maji kwa wanaoendesha. Barafu huagiza mara mbili ya ninavyodhani inatosha. Na chupa tupu zihesabiwe kabla watu hawajaondoka, kwani dhamana ya kreti ni yangu.