Mizani ya jikoni kumpimia nyoka: nyota 4, ila mikono yako bado ina kazi

Nianze na jibu kwa wasiopenda maelezo marefu: hizi mizani bapa za kioo za dijitali, zile za kupimia unga, zinazobeba hadi kilo 5 na kusoma gramu mojamoja, zinamtosha kabisa mtu anayefuga chatu mdogo wa ndani, yaani Python regius, au konisneki (corn snake, nyoka mwembamba asiye na sumu wa Marekani). Naipa nyota 4. Ya 5 nimeikata kwa sababu mbili na zote utakutana nazo siku ya kwanza tu.

Ya kwanza ni skrini. Ipo pembeni chini kabisa, na nyoka huwezi kumlaza juu ya kioo kitupu maana kinateleza na yeye hatulii hata kidogo, anatafuta tu kona ya kuingiza kichwa, kwa hiyo lazima kontena lenye mfuniko, na kontena lolote linalomtosha chatu mzima linafunika skrini yote. Basi ndo unaanza kuinama unachungulia na tochi ya simu, namba zenyewe zinacheza 1,412, mara 1,398, mara 1,420 kwa sababu jamaa anazunguka humo ndani. Dawa yake rahisi, weka kibakuli kigumu kilichopinduliwa katikati ya mizani halafu kontena lipande juu yake, skrini inabaki wazi. Na usihangaike na namba inayoruka, subiri ajikunje, akishapata giza na taulo kidogo ndani huwa anatulia, ndo usome.

Ya pili ni kujizima. Umeweka kontena tupu, umebonyeza kitufe cha sifuri, umeenda kumtoa nyoka kwenye tenki, ukirudi imeshalala, unaiwasha ukiwa na nyoka ndani tayari inakuandikia 0. Yaani inakera! Suluhisho: pima kontena na mfuniko wake, taulo na kile kibakuli cha chini mara moja, andika uzito wa vyote kwa maka peni ubavuni, siku zote washa mizani ikiwa tupu kisha weka kila kitu na utoe hesabu mwenyewe.

Usahihi sina shida nao. Kuijaribu ni rahisi, lita 1 ya maji ni karibu kabisa na kilo 1, kwa hiyo pima chupa tupu, jaza, pima tena. Ikikosea gramu 2 au 3 kwa chatu wa kilo moja na nusu haina neno, kojo lake tu linazidi hapo. Cha muhimu ni kutumia mizani hiyohiyo kila mara.

Sasa tuje kwenye sababu ya kuinunua, manake naona watu wengi wanapima halafu wanakimbilia kuuliza "wangu ana gramu 1,500 je ni sawa?" Aisee hakuna anayeweza kukujibu hilo bila kumwona. Jike refu lenye mifupa mikubwa kwa gramu 1,500 linaweza kuwa sawasawa kabisa, dume fupi kwa gramu hizohizo likawa bonge. Mizani kazi yake ni kukwambia anapanda au anashuka na kwa kasi gani. Kama ni mnene au mwembamba hilo unalipata kwa macho na vidole.

Chatu regius mwenye afya ukimtazama kwa mbele, kama vile umemkata katikati (usimkate bana), anakuwa na umbo la pembetatu iliyolainika kona, juu kuna mgongo ambao ukipitisha kidole unausikia lakini hautokezi kama wembe. Konisneki yeye ni tofauti, yupo kama slaisi ya mkate, chini bapa na juu mviringo, kwa hiyo usichukue kipimo cha mmoja ukampa mwingine. Aliyekonda mgongo unasimama, ubavu unabonyea pande zote mbili, na ngozi inaweza kuwa na mikunjo ya urefu ambayo mara nyingine ni kiu tu sio njaa, kwa hiyo angalia na maji yake kwanza.

Mnene ndo watu wanamkosea zaidi, maana nyoka mnene anapendeza kwenye picha. Dalili zake: akijipinda ngozi inafanya mikunjo, magamba yanaachana na unaona ngozi katikati yake hata kama hajala karibuni, mgongo umezama mpaka kuna kamfereji juu badala ya mwinuko, na sehemu ya mkia karibu na tundu la haja imevimba pande mbili kama ana nyonga. Mi nikipima huwa napitisha kidole hapo mkiani kwanza kabla hata sijaangalia namba, unasikia kama ni nyama ngumu au ni ulaini wa mafuta, ukishashika wawili watatu tofauti hukosei. Na unene huu sio urembo, mafuta yanajaa kwenye ini na jike mnene anaweza kukwama mayai.

Kumpunguza ndo panahitaji hii mizani kwelikweli. Usimnyime chakula ghafla. Unampa panya mdogo kidogo na unarefusha siku za kati, halafu unampa nafasi ya kutembea na matawi ya kupanda, na unafuatilia namba ishuke polepole kwa miezi. Hapa mizani inafanya kazi ya pili, kupima panya mwenyewe. Wafugaji wengi wanakwenda na asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa nyoka kwa mtoto anayekua, kwa hiyo wa gramu 200 anakula panya wa gramu 20 hadi 30, na kwa mzima wanashuka kwenye asilimia 5 hivi kila wiki 2 hadi 4, ambayo kwa nyoka wa gramu 1,500 ni panya wa gramu 75 tu. Watu wakisikia hiyo 75 wanashtuka, wamezoea kurusha lipanya likubwa kila wiki kwa sababu nyoka analipokea. Nyoka anapokea chochote, huyo sio wa kumuuliza ameshiba.

Upande wa kugoma kula nao mizani inakupunguzia presha vibaya mno. Hawa chatu wanagoma miezi, madume hasa msimu wa kupandana, na bila namba unabaki kuwaza usiku kucha. Ukiwa na rekodi unaona alikuwa 1,500 sasa yupo 1,380, hiyo ni asilimia 8, mwili bado umejaa, tulia, hakikisha tu upande wa joto upo kama nyuzi 31 hadi 33 na maficho yapo. Ikipita asilimia 10, au hata chini ya hapo kama mgongo umeanza kusimama au anapumua kwa mlio au mdomo una ute, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia pamoja na kinyesi kipimwe minyoo. Na aliyekonda sana usimfidie kwa mlo mmoja mkubwa, atatapika, anza na vidogo.

Lini upime? Kabla ya mlo, ikiwezekana akishajisaidia, manake kinyesi na mkojo wa siku nyingi vinaweza kukudanganya gramu za kutosha tu. Akishakula muache angalau siku 2 bila kumshika. Akiwa anakaribia kujivua gamba, macho yamekuwa ya bluu, muache pia, hasira zake hazina faida kwako. Mara 1 kwa mwezi inatosha kwa mzima, mtoto unaweza kumpima mara nyingi zaidi. Andika tarehe, gramu na alichokula, kwenye noti za simu inatosha.

Jamani hii mizani ikishampima nyoka isirudi kupimia unga. Reptilia wanabeba Salmonella, bakteria wanaoharisha watu, hata wakiwa wazima kabisa, nunua yake peke yake na kontena lake pia.

Nani asinunue: mwenye boa au chatu mkubwa wa kilo nyingi, huyo apande mizani ya bafuni akiwa amembeba kisha apime mwenyewe na kutoa. Na mwenye vitoto vilivyototolewa juzi, gramu 50 au 60 hivi, ambapo kosa la gramu 1 tu ni karibu asilimia 2 ya mwili mzima, huyo atafute ile ndogo inayosoma sehemu ya kumi ya gramu.